Jiko la Wasomaji: Shamari Inayoogelea Badala ya Kuokeka

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka miwili sasa ninaishi na mume wangu Bologna, Italia. Majira haya ya baridi soko letu limejaa mboga nyeupe yenye kichwa kama kitunguu kikubwa na majani membamba kama nywele, ambayo wenyeji huiita finocchio. Jirani alinilisha ya kuoka, nikaikuta laini na tamu, kingo zake zimegeuka kahawia. Mimi nimejaribu mara tatu: nimeikata vipande vyembamba, nikaijaza katika bakuli la kuokea, nikainyunyizia mafuta na kuitia katika oveni ya nyuzijoto 170 kwa nusu saa. Kila mara huikuta inaogelea katika maji yake, imepauka, na nyuzi zake hazitafuniki. Ninakosea wapi? Muuza mboga naye huniuliza kila siku kama ninataka ya kula mbichi au ya kupika, nami humjibu lolote linalonijia. Na je, hii ndiyo shamari yetu ya kwenye viungo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Mmea ni uleule, Foeniculum vulgare, isipokuwa aina unayoiona sokoni imechaguliwa na wakulima kizazi baada ya kizazi mpaka sehemu za chini za majani zikavimba na kukumbatiana zikafanya kichwa, ilhali ile inayotupa mbegu za viungo husimama ndefu na nyembamba. Harufu inayokurudisha duka la viungo la Tanga hutokana na kemikali ya asili iitwayo anetoli, ambayo imo pia katika mbegu za anisi, na ndiyo sababu jina la bizari tamu huhamahama baina ya mbegu hizo mbili kutegemea umesimama mbele ya muuzaji gani.

Sasa tuje kwenye bakuli lako. Kichwa cha shamari ni maji kwa takriban asilimia 90, na kazi yote ya kukioka ni kuyapa maji hayo njia ya kutoka yakawa mvuke na kwenda zake. Wewe umeyafungia. Bakuli lenye kingo ndefu huuzuia mvuke, vipande vilivyorundikana hunyesheana, na nyuzijoto 170 hazitoshi kuyakausha maji kwa kasi inayolingana na yanavyotoka. Maji yanapochemka hayapandi zaidi ya nyuzijoto 100, na mboga inayolala ndani yake haipandi pia, ilhali rangi ya kahawia unayoitamani haianzi kujitokeza vizuri mpaka uso wa kipande ukauke na kukaribia nyuzijoto 140. Kwa hiyo, dada yangu, mara zote tatu ulichemsha shamari ndani ya oveni.

Chukua vichwa viwili vya kiasi cha gramu 300 kila kimoja. Kata mashina ya juu uyaweke kwa ajili ya supu, na yale majani laini uyahifadhi pembeni. Tabaka la nje likiwa limechubuka au limekomaa, liondoe bila huruma, kwa kuwa nyuzi zilizokushinda kutafuna nyingi hutoka huko. Likiwa zima, limenye juujuu tu kama unavyomenya karoti. Kitako usikikate chote, bali kikwangue ile sehemu iliyobadilika rangi, kwa sababu ndicho kinachoshika matabaka yasiachane. Pasua kichwa katikati kuanzia juu hadi kitakoni, kisha kila nusu uigawe vipande vitatu au vinne, kila kipande kikiwa na mgao wake wa kitako, unene wa sentimita mbili hadi tatu. Vipande vyembamba ulivyokuwa ukikata huachana, humwaga maji yote kwa pamoja, na vinapoanza kupata rangi huungua ncha kabla ya katikati kulainika.

Vioshe, kisha uvifute kwa kitambaa hadi vikauke. Hatua hii wengi huiruka, wakaongeza maji juu ya maji. Washa oveni ifike nyuzijoto 210, na trei ya bati yenye kingo fupi iwe imo ndani tangu mwanzo ili nayo ishike moto. Changanya vipande na vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha uvilaze katika trei upande uliokatwa ukigusa bati, ukiacha upana wa kidole baina ya kipande na kipande. Trei ikiwa moto sawasawa utaisikia inachacharika. Ikinyamaza, ujue uliharakisha. Viache dakika 20 hadi 25 bila kuvigusa, ugeuze, uvipe dakika nyingine 15 hadi 20. Unapogeuza, pitisha kisu chembamba chini ya kipande: kilichoiva hujibandua chenyewe, na uso wake utaukuta una rangi ya sukari guru pembezoni. Kitako nacho kichomwe kwa ncha ya kisu, kwani ndicho cha mwisho kulainika. Kikigoma huku kingo zimeshapata rangi, punguza moto hadi nyuzijoto 180 na ukiongezee dakika kumi.

Kitunguu saumu usikitie mapema, kwa kuwa katika joto hilo kitaungua na kuwa kichungu; dakika kumi za mwisho zinakitosha. Huko uliko wengi humalizia kwa kunyunyizia jibini ya Parmigiano Reggiano, ambayo kweli inapendeza, ila ujue kwamba maziwa yake hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama, jambo ambalo baadhi ya Waislamu na wasiokula nyama huliangalia. Chenga za mkate mkavu zilizokaangwa kwa mafuta na kitunguu saumu hufanya kazi hiyo hiyo, na mimi binafsi huzipenda zaidi. Yale majani uliyoyahifadhi, yakate madogomadogo uyamwage juu pamoja na ndimu wakati wa kupakua, usiyatie katika oveni kabisa.

Kuhusu muuza mboga wako, anakufanyia hisani. Waitalia huita vichwa vya duara na vilivyojaa "dume", wakavipendelea kwa kula mbichi, na vile vilivyobapa na kurefuka huviita "jike", wakavipeleka jikoni. Maua ya shamari yana sehemu za kiume na za kike katika ua moja, kwa hiyo majina hayo ni ya sokoni tu, lakini ushauri wenyewe si mbaya, kwani kilichobapa kina nyuzi nyingi zaidi na moto ndio unaozilainisha. Kesho mwambie ni ya kupika.

SWALI: Shangazi, niko Nairobi, na shamari ya kichwa nimeiona katika duka kubwa la mboga. Sina oveni, nina jiko la makaa. Je, naweza kuipalia moto juu na chini kama ninavyofanya kwa mkate wa kumimina?

JIBU: Usiipalie tangu mwanzo, mwanangu. Mkate unautaka mfuniko ule ili uumuke na kushika rangi juu, lakini shamari iliyofunikwa itatoa maji kama ile ya mwenzako wa Bologna. Tumia kikaango kizito, uvilaze vipande katika mafuta ya moto bila kufunika, makaa yawe ya wastani, dakika saba au nane kila upande mpaka rangi ishike. Hapo ndipo utie vijiko vitatu vya maji, ufunike dakika kumi kitako kilainike, kisha ufunue na kuyaacha maji yote yakauke mpaka usikie mafuta yakianza kulia tena. Samaki wa kukaanga akiwa tayari pembeni, pakua papo hapo, kwa sababu shamari ikipoa ngozi yake hulegea.