Maswali yenu: Thieta mpya tunayo, mbona bado tunapewa rufaa?

Wiki hii meseji zimejaa mambo ya kupanua hospitali zetu za vijijini. Nimechukua haya matano.

Hospitali yetu imepata jengo jipya la upasuaji, zuri kweli, lakini mama akikwama kujifungua usiku anaandikiwa rufaa Sekou Toure au Bugando, hospitali kubwa za Mwanza mjini. Tatizo nini? – Msomaji, Nyehunge

Ndugu yangu, jengo peke yake halifanyi oparesheni, hili nalisema kila mara na sitaacha. Ili mama apasuliwe saa nane usiku atoke mzima na mwanae, wanatakiwa wawepo kwa pamoja dokta wa kupasua, mtu wa kumchoma dawa ya usingizi, nesi wa thieta, halafu maji, umeme, na damu kwenye friji, kikikosekana kimoja tu mnapewa karatasi ya rufaa. Na anayesahaulika kila siku ni mtu wa usingizi. Utakuta hospitali nzima inaye mmoja, akienda msibani thieta imefungwa.

Mimi nilimsindikiza shemeji yangu kujifungua hospitali moja ya huku kwetu, jina silitaji. Kitanda cha thieta bado kina nailoni yake ya dukani. Umeme ukakatika, genereta haina dizeli, nesi kamshika mkono anamwambia "mayu (mama), vumilia" huku tochi ya simu kaibana kwapani. Nikachungulia friji la damu, mna chupa mbili za maji ya kunywa, basi. Tukaondoka saa tisa usiku na daraja la ziwani lilikuwa bado, tukakaa Busisi tunasubiri pantoni ya kuvukia kwenda Mwanza, shemeji anauma kanga asipige kelele. Yeye alipona. Mtoto hatukumpata.

Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita kama tatu unazimaliza kwa dakika chache, na mimi nalishukuru kutoka moyoni. Ninachoogopa ni mtu kusema kwa vile Mwanza imekuwa karibu basi Sengerema na Buchosa wasubiri. Hapana jamani! Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na wa visiwa vya Ukara na Irugwa hawana daraja lolote, wana ziwa na upepo wake. Kwa hiyo mkikaa na diwani msiombe wodi nyingine, ombeni watu wa usingizi wawili, nyumba zao ziwe palepale hospitali, sola ya thieta, na friji la damu lenye damu.

Mama mjamzito analipia au halipii? – Wasomaji wengi mno

Halipii! Nimeshajibu hili mpaka vidole vinauma, someni majibu ya nyuma kabla ya kutuma. Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 ni bure. Ukidaiwa hela, omba kontroo namba na risiti, akisita kukupa usimpe hata mia, nenda kwa mganga mfawidhi.

Tunachangishana tununue eksirei ya kijiji, tuendelee? – Msomaji, Ngudu

Simameni kwanza. Eksirei inataka chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, umeme usioyumba na mtaalamu wa mionzi aliyeajiriwa. Ulizeni kama hivyo vipo, kwa maandishi, na hela yoyote iliyochangwa isomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Mume wangu ni mvuvi, tumbo linajaa kila mwezi na juzi katapika damu. Wazee wanasema kalogwa. – Msomaji, Kahunda

Mama, mpeleke hospitali leo hii, usimalize hata kusoma hapa. Kutapika damu ni dharura, mengine tutaongea akishafika.

Kwa wengine mnaosoma: tumbo kujaa na kutapika damu kwa mvuvi kunaweza kuwa kichocho, si kulogwa, na kichocho cha ziwani hakifanani na kile cha mabwawa ya Kwimba na Misungwi kinachokojoza damu. Hiki cha ziwani minyoo yake inaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama majini, mayai yake yanakwama kwenye ini, miaka inapita kimya, ini linakakamaa, mishipa ya koo la chakula inavimba mpaka inapasuka. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo ila ini lililokwisha kupata kovu halirudi kirahisi, ndiyo maana meza mapema dawa zikigawiwa na acheni kuzitema. Na hapa nina ugomvi na wapangaji wetu: ultrasaundi zikija vijijini zinafungiwa kliniki ya wajawazito tu, wakati mashine hiyohiyo inaonyesha ini la mvuvi. Tengeni siku moja kwa wiki kwa watu wa mwaloni. Anayetapika damu anahitaji kipimo cha kamera ya koo, kipo Bugando, lakini anayegundulika mapema hafiki huko.

Nina miaka 19, nataka kuchangia damu ila naogopa kuishiwa nguvu. – Msomaji, Kisesa

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Kama una kilo 50 kwenda juu na huumwi, unafaa. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila miezi minne. Damu ikishatolewa inakaa siku 35 tu kwenye friji, kwa hiyo kuchangia siku ya sherehe mara moja kwa mwaka hakutoshi, jipangeni kikundi mpokezane. Kula vizuri asubuhi, kunywa maji mengi, na siku hiyo usibebe magunia.