Kisahihishi cha tahajia kinachoelewa kuwa nafasi nayo hukosewa

Mkuu, umesema kisahihishi chako ni kizuri kwa neno moja, ila ukikipa sentensi nzima kinakwama, tena "kwasababu" na "ana soma" vinakishinda. Nimewahi kuandika kitu kama hicho na nilikwama papo hapo.

Kasi kwanza. Unazalisha kila neno linaloweza kutokana na kosa, njia aliyoieleza mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig mwaka 2007. Ni nzuri sana ya kujifunzia, lakini piga hesabu: neno la herufi 9, kwa kufuta, kubadili, kuongeza na kupindua herufi jirani, linazaa maumbo 511 ya kosa moja. Ukiruhusu makosa mawili, ni zaidi ya laki moja. Kwa kila neno la sentensi!

Hamia SymSpell, algorithimu (utaratibu wa hatua kwa hatua) ya kusahihisha tahajia aliyoitoa Wolf Garbe mwaka 2012. Yenyewe inafuta herufi tu, kwenye kamusi na kwenye neno la mtumiaji. "Kitabu" ukiifuta "a" unabaki na "kitbu". Aliyeandika "kitubu", futa "u" ya kwanza, naye anafika "kitbu". Wamekutana. Neno la herufi 9 kwa makosa mawili lina ufutaji 45 tu, na upande wa kamusi unauandaa mara moja. Wakishakutana, pima umbali halisi, yaani idadi ya makosa yanayotenganisha maneno hayo mawili: maneno yaliyofutwa herufi mbili kila upande yanaweza kutofautiana hata kwa makosa manne. Hatua hiyo niliiruka, nikapata mapendekezo ya ajabu.

Gharama yake ni memori, kwa hiyo SymSpell huhifadhi ufutaji wa herufi 7 za mwanzo tu. Kwa Kiswahili hapo pana shida. "Walipokuja", "walipokuwa" na "walipokaa" yote yanaanza na "walipok", yanarundikana sehemu moja. Niliongeza hadi 10, memori ikapanda lakini utafutaji ukawa mwepesi.

Sasa nafasi. Usisubiri neno likosekane kwenye kamusi ndipo ulishughulikie, kwa sababu "ana" na "soma" yote ni sahihi. Kila unapofika kwenye neno, linganisha njia tatu: liache, liunge na linalofuata, au likate mara mbili. Uamuzi utoke kwenye marudio, yaani neno limetokea mara ngapi. Tuseme katika maneno milioni moja "ana" imetokea mara 3,000, "soma" 500 na "anasoma" 200. Kwa kubahatisha, "ana soma" ingetokea kama mara moja na nusu tu (3,000 × 500 ÷ 1,000,000), wakati "anasoma" ina 200. Unga. "Ana kitabu" itabaki ilivyo, maana "anakitabu" haina marudio. Hesabu hizo zitoe kwenye maandishi yaliyohaririwa. Ukichukua ya mitandaoni, makosa yenyewe yatageuka kanuni.

Mtu akigandisha yote, mfano "nilikuwanataka", herufi hizo 14 zina njia 8,192 za kukatwa. Usizijaribu zote. Kwa kila herufi hifadhi mkato bora unaoishia hapo, utapima vipande 105 tu.

Mwisho, neno la herufi nne kushuka chini liruhusu kosa moja tu. "Kaka", "kama", "kata", "kaza": ukiruhusu mawili, karibu kila neno fupi litakuwa jirani ya mwenzake.