Mafuriko yaliharibu mboga zangu: je, serikali hulipa?

SWALI: Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo. Ninalima lengalenga na nyanya chungu za kuuza katika shamba la kukodi karibu na mto Winooski, Burlington, Vermont. Mafuriko ya Julai 2023 yaliharibu kila kitu, na hata mboga zilizobaki zimesimama tulikatazwa kuziuza. Jirani yangu alilipwa na serikali, lakini mimi niliambiwa kuwa sikuwa nimejiandikisha. Nifanye nini ili yasinipate tena?
Mama mkulima, Vermont

JIBU: Mama, pole sana. Katazo lile lilikuwa sahihi, kwa sababu maji ya mafuriko hubeba maji taka na kemikali, lakini hilo halipunguzi uchungu wa kuacha shamba zima lioze.

Yaelekea jirani yako alikuwa katika NAP, mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa mazao ambayo bima ya mazao ya serikali kuu haipatikani katika kaunti husika, na mboga kama zako aghalabu ni miongoni mwake. Jambo ambalo wakulima wageni wanapaswa kuelezwa mapema ni kwamba NAP, ingawa huitwa msaada wa maafa, hufanya kazi kama bima: asiyejiandikisha kabla ya tarehe ya mwisho ya zao lake halipwi, na aliyejiandikisha hulindwa kuanzia siku 30 baada ya kuomba. Kwa hiyo nenda ofisi ya kaunti ya Farm Service Agency, idara ya wizara hiyo inayoendesha NAP, wakati wa baridi, ukiwa na mkataba wa kukodi shamba. Ada ni dola 325 kwa kila zao, lakini mkulima ambaye hajazidi miaka 10 katika kilimo, au mwenye kipato kidogo, husamehewa. Uliza hilo kabla ya kutoa fedha.

Malipo ya kiwango cha msingi ni madogo. Tuseme mavuno yako ya kawaida ni ratili 2,000 na umepata 400 tu. NAP hulinda nusu, yaani ratili 1,000, kwa hiyo utalipwa kwa ratili 600, tena kwa asilimia 55 ya bei ya wastani. Bei ikiwa dola 2, utapata takriban dola 660. Kwa maoni yangu ni kidogo mno, na ndiyo maana anayeweza kumudu malipo ya ziada achague ulinzi unaofikia asilimia 65 ya mavuno kwa bei kamili.

Maafa yakitokea, usingoje. Taarifa ya hasara hutolewa ndani ya siku 15, lakini kwa mazao yanayovunwa kwa mkono, kama yako, ni saa 72 tangu hasara ionekane. Usilime upya wala kung'oa mboga kabla mthamini hajafika.

Ni kweli pia kwamba mnamo Desemba 2024 Bunge la Marekani lilitenga karibu dola bilioni 21 kwa hasara za 2023 na 2024. Fedha za namna hiyo hutegemea kura na huchelewa sana, kwa hiyo usipange msimu wako juu yake.

Kuanzia sasa weka daftari la tarehe za kupanda, ukubwa wa kila kitalu, ratili ulizovuna na risiti za sokoni, kwa kuwa mavuno yako ya kawaida yatakadiriwa kutokana na kumbukumbu hizo.