Pipa Halikujaa, Ila Halikuisha: Maswali Yenu Kuhusu Kumngoja Mungu

Barua nyingi safari hii zimegusa jambo moja: kungoja. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Nimeomba kazi miaka miwili. Kwenye maombi naambiwa imani yangu ni haba. Ni kweli?

Amina, dada. Aliyekuambia hivyo muulize Yusufu naye imani yake ilikuwa haba kiasi gani. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Katikati hapo, akiwa gerezani, alimfasiria ndoto mkuu wa wanyweshaji wa Farao, mfungwa mwenzake, akamsihi amkumbuke akishatoka gerezani, na yule bwana akatoka akasahau miaka 2 mizima. Hakuna mstari unaosema Yusufu alikawizwa na imani yake.

Jambo moja tu la kuongeza. Soma Mwanzo 40 taratibu uone mlango wake ulianzia wapi: asubuhi moja aliwakuta wafungwa wawili wamenuna, akawauliza kulikoni. Basi. Alikuwa na shida zake za kumtosha, lakini bado aliona uso wa mwenzake. Endelea kupeleka maombi ya kazi, na usijifungie ndani.

Nimefundishwa kwamba kuweka akiba ni kutomwamini Mungu, kwa sababu Yesu alisema tusisumbukie ya kesho. Nifanyeje?

Weka akiba. Yusufu huyohuyo alitenga sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka 7, na alifanya hivyo baada ya Mungu kumfunulia njaa inayokuja. Hata mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ina mafundisho hapa. Waliobakiza mpaka asubuhi kinyume cha agizo ilivunda ikaingia mabuu, lakini siku ya sita waliambiwa waokote maradufu, wakaiweka hadi sabato, na haikuoza. Chakula ni kilekile. Kilichotofautiana ni utii. Yesu alikataza kusumbuka, na mtu anaweza kusumbuka vizuri sana hata kama hana akiba yoyote.

Mimi ni mjane mwenye watoto. Kila mwezi tunafika mwisho kwa kukwangua. Mungu hatuachi, nakubali, lakini kwa nini hanipi hata nafasi ya kupumua?

Mama, swali lako nimekaa nalo siku tatu.

Wewe unamjua mjane wa Sarepta kuliko mimi. Nabii Eliya, wakati wa njaa, anamkuta langoni anaokota kuni mbili, akapike konzi ya mwisho ya unga, ale na mwanawe, kisha wafe. Tukihubiri habari ile huwa tunamalizia kana kwamba alitajirika. Rudi kwenye 1 Wafalme 17 uangalie maneno: pipa la unga halikupunguka, wala chupa ya mafuta haikuisha. Hapaandikwi kwamba pipa lilijaa. Nadhani kila asubuhi yule mama aliinama, akaingiza mkono mpaka chini, akasikia kucha zikikwaruza udongo, na bado akatoka na konzi. Kesho yake hivyohivyo. Muujiza wake ulifanana sana na uhaba.

Niliwahi kukaa miezi kadhaa bila mshahara. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuhesabu madeni kwa vidole gizani. Hakuna siku niliyoweza kusema nimevuka, lakini hatukulala njaa. Sikushukuru wakati ule, nilinung'unika, na sidhani Mungu alishangaa. Ndiyo maana sala aliyotufundisha Bwana inasema "utupe leo riziki yetu", leo, wala haitaji mwezi ujao.

Kwa wengine mnaosoma: Yakobo katika waraka wake anawakemea wanaomwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe bila kumpa kitu. Eliya alitunzwa kwa mkono wa mjane. Na mjane atunzwe kwa mkono wa nani, kama si ninyi mnaokaa naye benchi moja?

Nina miaka 38, sijaolewa. Kila mtu ananitumia Yeremia 29:11, ule wa Mungu kutuwazia mawazo ya amani na kutupa tumaini. Nimeuchoka huo mstari!

Hata mimi ningeuchoka. Wanaokutumia wangesoma na wa 10: miaka 70 Babeli ndipo warudi. Maneno yale ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli, na wengi waliosomewa walizeeka na kufa ugenini. Kwa hiyo sitakuahidi mume, na asikuahidi mtu kwa kutumia mstari huo. Mimi napenda wa 5: jengeni nyumba, mkakae ndani yake, pandeni bustani, mkale matunda yake. Waliambiwa hivyo wakiwa bado wanangoja. Kama kuna masomo, safari au nyumba unayoiahirisha "mpaka nitakapoolewa", acha kuahirisha.

Tulifunga na kuomba, kaka yangu akafariki. Watu wananiambia Mungu hachelewi.

Pole sana, ndugu yangu. Marta, dada yake Lazaro aliyekuwa amefariki, alimwambia Yesu usoni: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Na kweli, Yesu alipopata habari za ugonjwa alikaa siku 2 zaidi alikokuwa, alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Hakumkemea Marta kwa kusema vile. Alipomwona Mariamu, ndugu yake Marta, analia, alilia naye, ilhali alijua atakachofanya dakika chache baadaye: kumfufua Lazaro.

Wewe hujapewa dakika hizo, na mimi sina maelezo ya kwa nini. Sema aliyosema Marta, kwa sauti kama unataka. Atakayekuja tena na "Mungu hachelewi", mwombe aketi kwanza.