Marlin 39A ya marehemu baba inapiga kulia: nibadilishe vilengeo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 51, naishi Tabata na shamba langu liko Mkuranga. Nimemaliza taratibu za polisi na sasa namiliki kihalali bunduki aliyoiacha marehemu baba, Marlin 39A ya risasi ndogo za .22, ile ya kukoki kwa wenzo wa chini. Naenda nayo uwanja wa shabaha siku za mapumziko asubuhi. Nikilenga katikati ya karatasi kwa mita 25, risasi zinatua kulia kama sentimita tano, na kilengeo cha nyuma nakiona kina ukungu. Nina rafiki Marekani anakuja Desemba, yuko tayari kuniletea kilengeo cha tundu au darubini. Nimwagize kipi? Na je, fundi wa chuma wa kawaida anaweza kunifungia?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mzee. Jibu fupi ni hili: mwagize cha tundu, na fundi wa chuma wa kawaida hapana. Ila usimwagize leo. Ulichoniandikia kina matatizo mawili tofauti, na kilengeo kipya kitatibu moja tu. Ukungu ni wa jicho. Kwenda kulia ni jambo jingine, na nina wasiwasi kwamba sehemu yake inatokana na jua.

Kwanza uijue bunduki yenyewe. Uzao wake unaanzia modeli ya Marlin ya mwaka 1891, na jina la 39A likaja mwaka 1939. Ni bunduki ya chuma kitupu na mbao, nzito kuliko nyingi za .22, na uzito huo unakusaidia kutulia. Inakula risasi fupi, za kati na ndefu za .22 bila kubadilisha chochote. Ubavuni kulia kuna skrubu kubwa yenye kichwa cha kushika kwa vidole. Ukiilegeza, bunduki inaachana vipande viwili, bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) inatoka, na mtutu unabaki wazi kwa nyuma. Huo ni utajiri, kwa sababu bunduki nyingi za wenzo husafishwa kwa kuingiza ufito mdomoni, na ufito ukisugua mdomo wa mtutu miaka na miaka unaula upande mmoja. Hapo hakuna kilengeo kitakachoiokoa. Wewe safisha kutoka nyuma. Halafu chukua kioo cha kukuzia, chunguza ukingo wa mdomo wa mtutu kama una pengo au mkwaruzo. Kama mzee alikuwa akisafisha kwa mbele, hapo ndipo pa kwanza kupashuku.

Magazini yake, yaani hifadhi ya risasi, ni bomba chini ya mtutu, na bomba lina ujanja wake. Risasi moja inaweza kung'ang'ania ndani ukadhani imekwisha. Toa bomba la ndani lote, fungua na funga wenzo mara kadhaa huku mtutu ukielekea mahali salama, kisha tazama kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na uguse kwa ncha ya kidole. Unapojaza, usiweke mkono wala uso mbele ya mdomo wa mtutu; umbo la bomba linakushawishi ufanye hivyo. Na usiifyatue tupu kwa mazoezi. Risasi ya .22 ina fataki pembezoni mwa kitako cha ganda, si katikati, kwa hiyo pini ya bunduki imepangwa kugonga ukingoni. Pasipo ganda la kuipokea, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu.

Sasa risasi. Watu wa .22 hubishana sana kuhusu vilengeo na kusahau kwamba mitutu hii ina kuchagua. Aina moja inaweza kutua kwenye fungu dogo, nyingine ikatawanyika mara mbili ya hapo, na kila aina ikatua mahali pake. Nunua aina tatu au nne unazozipata kihalali, piga kila moja mafungu mawili ya risasi tano ukiegemea mfuko wa mchanga, na usiguse kilengeo. Mimi ningeanza na zile za kasi ya kawaida, karibu mita 320 kwa sekunde. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo risasi hiyo haivuki mpaka wa sauti tangu inatoka mpaka inafika. Zile za kasi kubwa hutoka juu ya mwendo wa sauti, kisha hurudi chini yake njiani, na misukosuko ya hapo haisaidii shabaha. Ukipata aina inayokaa pamoja, baki nayo. Ndipo uanze kuzungumza habari ya kulia na kushoto.

Na hapa nirudi kwenye jua. Kilengeo cha mbele cha bunduki hizi mara nyingi kina gololi ndogo ya rangi ya shaba au nyeupe, na juu yake hukaa kifuniko chembamba cha bati ambacho watu hukitoa wakidhani kinaziba mwanga. Umesema unapiga asubuhi. Kama uwanja wako unakuelekeza kusini, jua la asubuhi liko kushoto kwako. Linaangaza upande wa kushoto wa gololi, upande wa kulia unabaki giza. Jicho linauchukua ule upande unaong'aa kuwa ndiyo gololi yote, unauweka katikati ya pengo la nyuma, na bila kujua umeusogeza mtutu kulia. Risasi hukimbia upande usio na jua. Hili si nadharia ya vitabuni. Dar es Salaam, ambako mwanga ni mkali tangu saa mbili, hii ni moja ya sababu za kawaida za watu kuja kunilalamikia kilengeo kisicho na kosa lolote.

Kipimo chake hakina gharama. Rudi uwanjani jioni, jua likiwa limehamia magharibi, piga fungu kwa risasi zilezile na mkao uleule. Fungu likihamia kushoto, au likirudi katikati, umeshapata mwizi. Rudisha kile kifuniko cha bati kama kimo kwenye sanduku la mzee. Wakongwe walikuwa na njia nyingine: walikipitisha kilengeo cha mbele juu ya moshi wa koroboi mpaka kiwe cheusi tititi, kisigonge mwanga kabisa. Bado inafanya kazi, mradi bunduki iwe tupu na risasi ziwe chumba kingine.

Likibaki kulia asubuhi na jioni, basi kilengeo ndicho kimehama, na hesabu yake ni nyepesi. Pima kwa rula umbali kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele. Tuseme ni milimita 500. Kosa lako ni milimita 50 kwa milimita 25,000. Zidisha 50 kwa 500, gawa kwa 25,000: unapata milimita 1. Hiyo tu. Kilengeo cha nyuma husogezwa kuelekea unakotaka risasi iende, kwa hiyo kwako ni kushoto. Cha mbele husogezwa kinyume. Hicho cha nyuma kimekaa ndani ya mfereji wa mkato wa mkia wa njiwa, kinabanwa na msuguano tu. Chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka kilengeo na mtutu ili uone kimetembea kiasi gani, kisha gonga taratibu kwa kipande cha shaba na nyundo ndogo. Usigonge kwa chuma. Nimeona vilengeo vilivyopigwa kwa bisibisi mpaka vimepasuka masikio.

Juu na chini hurekebishwa kwa kile kibati chenye vidaraja chini ya kilengeo cha nyuma. Kila daraja ni hatua kubwa, kwa hiyo usitegemee kulenga kwa nywele. Udhaifu huo ni sababu ya kweli ya kubadilisha, tofauti na hiyo milimita moja.

Sababu ya pili ni miaka yako 51. Vilengeo vya wazi vinalidai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: pengo la nyuma, gololi ya mbele na karatasi. Jicho la kijana huruka kati ya vitatu haraka asijue. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, na kitu kilicho karibu, yaani kilengeo cha nyuma, ndicho kinachoingia ukungu. Huna kosa na bunduki haina kosa. Kabla ya kutumia hela ya mtu, fanya jaribio hili: kata kipande cha utepe mweusi wa umeme, toboa tundu la kama milimita 2, ubandike kwenye kioo cha miwani yako ya kupigia mahali jicho linapochungulia vilengeo. Utaona vyote vimekuwa na ncha. Tundu dogo hukata miale ya pembeni na kuongeza kina ambacho jicho linaona vizuri. Utepe ukikusaidia, kilengeo cha tundu kitakufaa. Usipokusaidia, nenda kwa daktari wa macho kwanza, maana huenda ni mtoto wa jicho.

Kilengeo cha tundu hufungwa juu au ubavuni mwa bodi ya bunduki, karibu zaidi na jicho. Hukitazami, unachungulia kupitia kwake. Jicho lenyewe hutafuta katikati ya duara bila kuambiwa, nawe unabaki na vitu viwili tu. Pia umbali kati ya vilengeo unaongezeka kwa zaidi ya sentimita 10, kwa hiyo kosa lilelile la mkono huzaa kosa dogo zaidi kwenye karatasi. Kampuni za Marekani kama Williams na Skinner hutengeneza vya modeli hii. 39A nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1950 zina matundu yenye hesi juu ya bodi, yamezibwa kwa skrubu ndogo. Angalia kwanza. Kama yako ni ya zamani na haina matundu, mimi nisingeitoboa. Ningebaki na cha wazi na kuweka pengo pana zaidi la nyuma.

Darubini nayo? Bunduki hii hutupa maganda pembeni, kwa hiyo inawezekana. Lakini inakalia nyundo ya bunduki, ile unayoivuta kwa kidole gumba: utahitaji kipande cha kurefusha sikio la nyundo upande mmoja ili kidole gumba kifike. Na darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa mita 90 na zaidi, hivyo kwa mita 25 ukisogeza jicho kidogo alama nayo inahama juu ya shabaha. Zile za .22 hupangwa karibu mita 45 hadi 55. Zaidi ya hayo, Marekani ina masharti ya kusafirisha darubini za bunduki nje ya nchi, na rafiki yako asije akaiweka kwenye begi kama zawadi ya saa. Hata kilengeo cha tundu, kabla hajakinunua, peleka picha na maelezo kwa polisi wanaoshughulikia leseni yako, upate jibu kwa maandishi. Ni bora kusubiri wiki mbili kuliko kueleza kwenye meza ya forodha uwanja wa ndege.

Kuhusu fundi: mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, wapo mafundi wanaoweza kuchonga karibu chochote cha chuma, na baadhi wana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kazi ya kutengeneza silaha inataka leseni, na kumwachia mtu asiye na leseni bunduki yako hata kwa saa moja kunawaweka wote wawili pabaya. Peleka kwa fundi bunduki aliyesajiliwa.

Jambo la Mkuranga nalisema kwa sababu umelitaja. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na mashamba ya huko sasa yamezungukwa na nyumba. Kurekebisha shabaha ni kazi ya uwanjani penye tuta la udongo. Ukishaiweka sawa kwa mita 50, ujue kwamba kwa mita 100 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 15, kwa hiyo usijaribu kubahatisha.

Ukirudi nyumbani, futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au turubai, maana vinafyonza maji na kuyashikilia kwenye mtutu.

Jambo la mwisho la kumwambia rafiki yako. Kilengeo cha tundu mara nyingi hukaa juu kuliko cha zamani, kwa hiyo hata ukikishusha mpaka mwisho bunduki inaweza kupiga juu. Dawa ni kuongeza urefu wa kilengeo cha mbele, na hesabu ni ileile: ikipiga juu kwa milimita 100 kwa mita 25, na umbali kati ya vilengeo sasa ni milimita 650, kilengeo cha mbele kinataka nyongeza ya milimita 2.6. Pima urefu wa kilicho mbele sasa kwa vernia (kipimio cha sehemu za milimita) umtumie, alete kimoja kilichozidi kidogo. Kilichozidi fundi atakipiga tupa mpaka risasi itue unapotaka, kifupi hakiongezeki.