Mbadala wa nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Chuoni kwetu hapa Dodoma tulikuwa na mdahalo kama Tanzania ijenge mtambo wa nyuklia au isijenge. Mwenzangu alisema nyuklia ni nishati jadidifu. Mimi nikasema hapana, ni nishati mbadala. Mwamuzi akatukata kauli sote: eti maneno hayo yana maana moja. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme "usalama wa mionzi" au "kinga ya mionzi"?

JIBU: Marahaba. Mwamuzi ndiye aliyepotea kuliko wote, mwenzako anamfuatia kwa karibu, na wewe umepata nusu.

Jadidifu halina makuu. Limetokana na kitenzi jadidi, chenye asili ya Kiarabu, yaani kufanya upya, likavishwa kiambishi tamati -ifu kama tulivyofanya kwa sahaulifu na danganyifu. Nishati jadidifu ni ile inayorudi yenyewe kadiri unavyoitumia: jua la Dodoma, upepo wa Singida, maji ya mto. Nyuklia haimo. Joto lake hutokana na kupasuliwa kwa viini vya atomi za urani, na urani huchimbwa ardhini kama dhahabu, ikiisha haioti. Mwenzako akijitetea kwamba iko tele, kwamba hata hapo jirani Bahi na Manyoni watafiti wameitafuta, mwambie wingi si ujadidifu.

Sasa tuje kwa huyu mbadala, ambaye nina kesi naye ya siku nyingi.

Mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Lazima kuwe na kilichoondoka, au kinachotakiwa kuondoka. Watu wa Dodoma hawahitaji kufundishwa hili, maana kiwanja mbadala wanakijua. Barabara imepita kwenye kiwanja chako, ukapewa kingine: hicho cha pili ndicho mbadala. Cha kwanza kilikuwa kiwanja tu. Na jirani yako ambaye hakuguswa na barabara, kiwanja chake hakiwi mbadala hata kama kimepimwa, hata kama kina hati, hata kama hakichafui mazingira. Akienda ofisini kusema "nimefuata kiwanja mbadala", karani atamuuliza jambo moja: mbadala wa kipi? Hana jibu, hana kiwanja.

Swali hilo la karani ndilo lisiloulizwa kwenye makongamano yetu. Bango limeandikwa NISHATI MBADALA kwa herufi za kupasua macho, na chini yake kuna picha ya bwawa, mapanga ya upepo, sola juu ya paa, na mtungi wa gesi uliobanwa pembeni. Mbadala wa nini? Bwawa la Mtera, hapo mpakani na Iringa, linafua umeme tangu miaka ya 1980, megawati 80. La Kidatu lina 204. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Maji ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya gridi ya taifa. Yameshika nafasi ya nani?

Mtungi wa gesi, hapo nakubali, ni mbadala wa mkaa. Lakini si jadidifu hata chembe, gesi ikishaungua imekwenda. Mkaa wenyewe, tunaoutimua jikoni kwa mkakati wa taifa unaotaka 80% ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, hutokana na mti, na mti ukipandwa huota tena. Kwa hiyo jikoni kwa mama lishe wa Majengo, kilicho jadidifu kinatoka na mbadala wake usio jadidifu unaingia. (Nazungumzia lugha, si misitu, mabwana misitu wasinipigie simu.) Maneno yanayopishana mlangoni namna hiyo yatakuwaje na maana moja?

Nyuklia nayo inategemea umesimama wapi. Ufaransa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake huko, na mtu wa Paris akiiita mbadala atachekwa. Kwetu, ambako hatuna mtambo hata mmoja, siku moja inaweza kuwa mbadala wa gesi asilia au wa makaa ya mawe. Ndiyo maana nimekupa nusu. Ungesema "mbadala wa gesi asilia", ungepata zote.

Kuhusu usalama wa mionzi: usalama wa raia maana yake raia walindwe. Basi mionzi nayo ilindwe? Zamani nilikuwa nikinuna kila ninapoliona neno hilo mlangoni kwa eksirei. Siku hizi nanuna kidogo. Hako ka-"wa" kanabeba mengi. Dawa ya mbu haimtibu mbu, na sijasikia aliyelalamika. Tena Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inasema usalama wa mionzi, na mimi sishindani na tume. Ila "kinga ya mionzi" naipenda zaidi, kwa kuwa unaiona kazi yenyewe: ukuta mnene, aproni ya madini ya risasi, kusogea mbali, kutokaa muda mrefu. Mwenye hofu ya kueleweka vibaya aandike "kinga dhidi ya mionzi".

Na huyo mwamuzi wenu, kama ndiye aliyeandika kwenye tangazo la mdahalo "madhara ya mionzi hizi", mwambieni ni mionzi hii. Umoja wake ni mwonzi, ngeli ya mti na miti.