Ukulima wa simu ulivyonimalizia vifaranga

Jumapili jioni nikitoka shambani Ruai, pembezoni mwa Nairobi, matatu ikifika Njiru huwa nageuka kutazama nyuma kama mtu aliyesahau kitu. Sijasahau chochote. Kinachonifuata hadi nyumbani Umoja ni harufu ya samadi kwenye viatu, na abiria wa kando anajifanya haisikii. Huu ni mwaka wa tatu nikiwa na kipande cha kukodi huko, futi hamsini kwa mia, na dada kadhaa wameniuliza nilianzaje. Nilianza vibaya, ndiyo maana naandika.

Kabla ya Ruai kulikuwa na gunia. Kwenye roshani yangu, ghorofa ya tatu, nilisimamisha gunia moja na katikati yake nikaweka mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliokatwa mfuniko na kitako. Unajaza mkebe kokoto, unashindilia udongo uliochanganywa na samadi pembeni, kisha unauvuta mkebe juu kidogo na kujaza tena, hadi gunia lifike shingoni. Huo mhimili wa kokoto ndio unaopeleka maji chini. Bila huo, miche ya juu inazama na ya ubavuni inakauka. Ukishapanda juu, unatoboa ubavuni na kuchomeka miche ya sukuma wiki. Gunia hilo lilitulisha tukasahau kibanda cha mama mboga, ingawa maji yalidondokea nguo za jirani wa chini na ikabidi nimpelekee sukuma kila wiki ili tuelewane.

Ukitaka kujua kama shamba ni lako au ni ndoto tu, anza na gunia. Mgao wa maji ukianza na umebaki na mtungi mmoja wa lita 20, utaona kama mche utapata kikombe chake au utaambiwa usubiri. Mimi nilifaulu mtihani huo, nikadhani nimeiva.

Nikakodi kipande, nikajenga banda la mabati, nikaandika kijana, nikanunua vifaranga 60 wa kienyeji. Mwezi wa Julai! Mtu yeyote aliyekaa Nairobi anajua baridi ya Julai, lakini mimi nilikuwa na simu. Kila asubuhi napiga, "Wanaendeleaje?" Kila asubuhi najibiwa, "Wako sawa, madam." Alhamisi nikatumiwa picha, nikaionyesha ofisi nzima. Jumamosi nikafika nikakuta 19.

Makaa yalikuwa yameisha usiku wa Jumatano na jiko likazima. Kifaranga akisikia baridi humwendea mwenzake, na banda langu lilikuwa na pembe nne safi kabisa. Walijazana kwenye pembe moja, wakapandana, wa chini wakakosa hewa. Ile picha ilikuwa ya Jumanne. Nilitaka kumfokea kijana, halafu nikakumbuka pesa za makaa nilizomwahidi Jumatatu nilizituma Alhamisi, baada ya kikao. Jirani, mama mmoja Mkamba ambaye amefuga tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alitazama shimo tulilochimba kuwazika akasema tu, "Mwanangu, kuku hajui Jumamosi."

Sasa hivi ndivyo ninavyofanya. Vifaranga hukaa ndani ya duara la maboksi yaliyofunguliwa, hakuna pembe. Kipimajoto ninacho, ila naamini macho zaidi. Wakijikusanya karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia ukingoni na midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika kama mahindi yaliyomwagika, unaweza kwenda kulala. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, maana moshi wa makaa huua kuku na huua mtu. Likizo yangu ya mwaka nayo huichukua vifaranga wanapokuja. Wenzangu wanakwenda Mombasa.

Udongo wa kwetu ni ule mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu, masika unakuvua kiatu. Nilijaribu kupanda bapa nikapoteza miche kwa maji kutuama, sasa natengeneza matuta na samadi iliyooza vizuri. Lakini na udongo mtapatana polepole. Maji ndiyo yatakayokutoa jasho. Ukipelekwa kuona kipande, usiulize bei kwanza. Omba glasi ya maji ya kisima uyaonje. Sehemu nyingi za huku yana chumvi, na sukuma inaungua ncha za majani kama iliyochomwa na pasi. Ninachotegemea ni paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo banda la mita 20 za mraba likinyeshewa milimita 25 linanipa kama lita 500. Nunua tangi kabla ya kununua mbegu.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, kwa sababu ni kidogo. Mvua ikikolea kila mtu ana sukuma na bei inaanguka. Marikiti, soko la jumla la mjini, nilikwenda mara moja, alfajiri, madalali wakanipangia bei kabla sijashusha gunia. Siku hizi napanda managu na kunde zaidi, na nauzia kina mama mboga wawili wa mtaani kwetu wanaonilipa kwa simu jioni hiyo hiyo.

Na msisahau chanjo. Ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, niliyonunua mjini ilikuwa chupa ya kutosha kuku 100, na ni lazima isafiri kwenye baridi. Niliitia ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu nikapanda nayo matatu. Foleni ikatushika, kondakta akaiona mapajani mwangu akasema, "Mathe, tumiminie basi." Ikishachanganywa haikai, ni ya kutumika ndani ya saa chache, kwa hiyo nilimpigia yule mama jirani nikiwa bado njiani, akakusanya wa kwake, tukawadondoshea machoni mmoja mmoja hadi giza likaingia.

Ile chupa sasa inakaa shambani. Baba watoto ameapa hatakunywa chai yake tena.